Nguvu Iliyosimikwa Juu ya Jiko la Mama

Baba yangu alikuwa na ugonjwa wa kupanga nchi za dunia mstari mmoja. Wanaume wengine wa Kilibula, mtaa wetu, walipanga timu za mpira. Yeye alipanga nchi kwa umeme. Na si umeme wowote. Ule wa makaa na mafuta aliudharau, akisema ni moshi uliovaa shati. Aliyetaka kuhesabiwa mbele ya baba alete umeme wa maji, wa upepo au wa jua, ule ambao mtu akiutumia leo, kesho anaukuta. Kila asubuhi alibana redio yake ya mawimbi mafupi sikioni, akasikiliza Kifaransa cha mbali, na wakati wa chai akatutangazia nani kapanda na nani kashuka. Kanada kwa maji. Brazili kwa maji. Denmark, nchi ambayo kwa maelezo yake ungeweza kuizunguka kwa baiskeli kabla ya chakula cha mchana, kwa upepo. Wajapani walikuwa wameanza kufunika mapaa yao kwa vioo vya kunasa jua. Waislandi ndio waliomkera zaidi, maana walichota umeme kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini, na sisi pia tunayo maji ya moto yanayotoka ardhini, lakini tulikuwa tunachemshia mayai.

"Na siye, Papa?" nilimwuliza mara nyingi, kumchokoza tu.

"Kongo iko ya kwanza," alijibu bila aibu. "Kwa ile inaweza kupatikana."

Maana baba aliugawa umeme mara tatu. Kulikuwa na ule unaoweza kupatikana, na hapo Mto Kongo ulizishinda nchi zote. Kulikuwa na ule uliosimikwa, yaani mitambo iliyokwisha kufungwa na kusimama mahali pake; huo aliuita kwa Kifaransa, puissance installée, na alipotamka maneno hayo alinyoosha mgongo. Halafu kulikuwa na ule unaofika nyumbani kwa mtu. Huu wa tatu hakupenda kuuzungumzia.

Haikuwa kosa lake peke yake. Mwaka wa uhuru alikuwa mwanafunzi, na mwalimu wake aliwaambia kwamba bwawa jipya la Ruzizi lingewasha kila jiko kuanzia milimani mpaka pwani ya ziwa. Baba aliamini. Alikua, akaoa, akafundisha jiografia mpaka mshahara ulipokoma kuja, akaendelea kufundisha bila mshahara, na shule ilipofungwa akaendelea kutufundisha sisi. Katikati yalipita maasi. Yalikuwa mengi mpaka wazee wa mtaa waliyatofautisha kwa kile walichopoteza: uasi wa baiskeli, uasi wa mbuzi, uasi wa mabati. Ninaousimulia mimi ni uasi uliokuja baadaye, ule ulioikata nchi vipande viwili. Nyumbani kwetu uliitwa uasi wa yaya.

Yaya ni kaka yangu mkubwa. Alikuwa amekwenda Lubumbashi kusoma, na nchi ilipokatwa yeye akabaki upande ule, sisi upande huu. Barua hazikupita. Simu zilikufa. Nguzo za umeme zilianguka njiani, na nyaya zake zikawa kamba za kuanikia nguo. Jioni tulikaa gizani tukitazama taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa, na baba alituambia, kama vile ni faraja, kwamba zile taa nyingine zilikuwa zinatoka kwenye Ruzizi yetu.

Mama alikuwa mchuuzi wa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa wanaokaushwa juani. Alikuwa mfupi, na sauti yake haikulingana kabisa na mwili wake. Akiita mtu kutoka mlangoni petu, watu wa mtaa wa pili waliitika. Lakini baada ya yaya kupotea, sauti ile ilipungua mwezi kwa mwezi. Alianza kuuza samaki kwa kunong'ona. Mimi wakati ule nilikuwa msichana mkubwa, nashona kwa cherehani kwenye baraza moja kule Kasenga, na risasi nilikuwa nimeshazizoea. Kimya cha mama ndicho kilichonitisha.

Basi mwanzoni mwa kiangazi akaja mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu, mtu aliyezunguka na mashua kupitia Kigoma, akashuka mpaka Zambia na kuingia Lubumbashi kwa mlango wa nyuma. Alikuwa amemwona yaya. Yuko hai, amekonda, anaishi jirani na parokia moja yenye foni, na kila Jumapili mchana anasimama pale kungoja kama kuna mtu wa kwao ataita. Foni ni ile redio ya kuzungumzia, unabonyeza unasema, unaachilia unasikia. Vita vyote watu waliishi kwa hiyo. Jambo la pili lilikuwa baya. Mvua zikikaribia, yaya angepanda lori kwenda mbali zaidi kusini kutafuta maisha, na huko hakuna parokia wala foni aliyoijua.

Mama alikaa chini pale pale uani. "Nitamusikia," alisema. Kisha akasimama, kwa sababu alikuwa amekalia ndagala.

Foni za mjini zote zilikuwa zimefungwa kwa amri ya wenye bunduki. Lakini katekista mmoja wa Nyakabere, mkulima wa mpunga aliyekimbilia mtaani kwetu kutoka bondeni, alikuwa amekuja na foni ya kanisa lake ndani ya gunia, imefunikwa mchele, juu ya baiskeli. Alikuwa na chombo, hakuwa na umeme. Baba hakuwa na chombo wala umeme, ila alikuwa na mpango. Alichukua mavuno yake yote ya mpunga, maana naye alikuwa na kipande cha shamba huko huko Nyakabere, akampa yule mfanyabiashara, akaletewa kutoka Bujumbura batri ya gari na paneli ya sola ya ukubwa wa meza ndogo. Tulikula mihogo msimu ule mpaka tukaanza kufanana nayo.

Siku ya kuifunga, nusu ya Kilibula ilikuwepo. Paa la nyumba lilikuwa na matundu ya risasi, baba hakuliamini, hivyo aliifunga paneli juu ya jiko, kibanda kifupi cha nyuma ambacho mtu akipanda kigoda anafika. Akaiinamisha kidogo kuelekea jua. Halafu akahutubia.

"Hii kioo inakula jua," alisema. "Haipendi vumbi. Haipendi kivuli. Ni kitu safi kuliko vyote iko mu parcelle hii, mu nyumba hii yote, musiiguse! Na tangu leo, kwa puissance installée, mu Kilibula siye njo ba kwanza."

"Wa pili nani?" mtu aliuliza.

"Kinyozi. Iko na batri."

"Batri yake haina kitu!"

"Sikusema iko na kitu. Nilisema imesimikwa."

Ruhusa ya wenye bunduki ilipatikana kwa masharti mawili: askari mmoja angekuja kila Jumapili kusikiliza, na tungezungumza Kiswahili au Kifaransa tu, si Kifuliiru, lugha yetu ya nyumbani, wala Kirundi, ili siri isipite. Tulimwita Afande. Alikuwa kijana mwenye shingo ndefu na njaa. Siku ya kwanza alikuja mapema, akapewa kigoda na sahani ya ndagala, akazila zote kabla foni haijawashwa. Batri ilikuwa imejazwa Bujumbura, imeshiba. Katekista alizungusha vidude, akaonya, "Mwalimu, kusikia kunakula kidogo, lakini kusema kunakula sana. Museme mafupi."

Kumwambia baba aseme mafupi! Alibonyeza, akaita, na kutoka ndani ya mvumo na miunguruko ikatoka sauti ya yaya, nyembamba lakini yake. Mimi nililia palepale, sioni haya kusema. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha misa, mikono juu ya magoti, anangoja zamu yake.

"Papa! Mama iko wapi? À vous," yaya alisema, maana kila anayemaliza husema maneno hayo ya Kifaransa, kumpa mwenzake nafasi.

"Mama iko, atakusalimia nyuma," baba alijibu, yaani baadaye, na bila kuachilia kidude akaendelea. Aliuliza masomo. Aliuliza bei ya unga. Aliuliza kama Lubumbashi umeme unafika masaa yote, akaeleza wa kwetu umekufaje, akaeleza paneli, upana wake, mwinamo wake, akaeleza Wajapani. Katekista alikuwa anampigia ishara ya kisu shingoni. Afande mwenyewe alianza kusinzia. Mwishowe yaya akapata mwanya: "Papa, tafazali, nipe mama."

Mama alikipokea chombo kwa mikono miwili.

"Mama, ni minye," yaya alisema. "Uko muzima? Ninatamani ndagala yako. Lakini isikuwe na muchanga sawa ile ya zamani, meno yangu ingali inaikumbuka! À vous."

Mama akacheka, akabonyeza, akafungua mdomo, na ile taa nyekundu ya foni ikazimika. Batri ilikuwa imekwisha. Alibaki vilevile, mdomo wazi na kidole juu ya kidude, na sisi tukitazamana.

Baba aliona mambo yamekwenda vizuri. Mama hakumjibu mpaka jioni, tulipokuwa tunaosha vyombo, na alinijibu mimi.

"Hakunisikia," alisema. "Anazania nilikufa."

Nilitaka kumwambia anazidisha, lakini nilijua hazidishi. Huku kwetu mtu aliye mbali hatangaziwi kifo kwa foni. Ataanguka peke yake, nani atamshika? Kwa hiyo anaambiwa, "Mama yuko, atakusalimia siku nyingine," na wiki ijayo, "Mama amelala kidogo," mpaka apatikane ndugu wa kumwendea na kumkalisha chini. Kila mtu anaijua desturi hiyo, na kila mtu akiambiwa "atakusalimia nyuma" moyo wake unadunda. Baba alikuwa ametamka maneno yenyewe, neno kwa neno, na baada ya hapo yaya alipomwita mama alipata kimya.

Tangu siku ile mama alikuwa na kazi mbili tu duniani. Ya kwanza, yaya asikie sauti yake kabla ya lori la kusini. Ya pili, kama foni itakataa, ndagala zimfikie kwa yule mfanyabiashara, ambaye mashua yake ingeondoka asubuhi baada ya Jumapili ya mwisho. Tena ziwe safi, bila chembe hata moja ya mchanga, ili mtoto akitafuna ajue ni mkono wa mama yake mwenyewe. "Hakuna mufu anaweza kukausha ndagala vizuri hivi," alisema, na hapo sikuwa na la kuongeza.

Jumapili iliyofuata baba aliunganisha waya, katekista akazungusha vidude, Afande akala. Foni ikatoa mkoromo mmoja na kunyamaza. Batri haikuwa na kitu. Baba aliigusa kwa ulimi, akatema, akasema labda jua la wiki ile lilikuwa na ukungu. Mama alirudi jikoni na kitenge chake cha misa.

Jumapili ya pili yake, vivyo hivyo. Mtaa mzima ulikuwa na maelezo. Katekista alisema tuombe, akaomba. Kinyozi alisema batri ya Bujumbura haijui hali ya hewa ya huku. Mwingine alisema ni mkono wa mtu, na akatoa ushahidi: paka. Ni kweli, paka wa Kilibula yote walikuwa wameanza kukusanyika juu ya jiko letu. Nikirudi jioni kutoka Kasenga niliwakuta wamejipanga kandokando ya paneli, wengine wanailamba.

Baba hakuamini uchawi, aliamini sayansi, na sayansi yake ilikuwa mbaya zaidi. "Kuran inavuta paka," alitangaza, akimaanisha umeme. "Muangalie mwenyewe. Ngozi ya paka iko na kuran, nayo inaitana na ile ya kioo. Hiyo ni alama kama kioo inatumika muzuri."

"Basi juu ya nini batri haina kitu?" nilimwuliza.

"Puissance installée haijapunguka," alisema. "Ile inafika njo inapunguka. Dawa yake ni kuongeza."

Na akaongeza. Aliuza baiskeli yake, ile ile iliyoponea chupuchupu uasi wa baiskeli, akapata paneli ya pili, akaifunga ubavuni mwa ya kwanza. Sasa jiko zima lilikuwa limefunikwa kioo. Baba alishuka kwenye kigoda akatikisa vumbi la mikono, akasema kwamba kama Kilibula ingekuwa nchi, hata Wadenmark wangetuma mtu aje kutazama. Mama alikuwa amesimama pembeni anaitazama paneli mpya kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake tangu nchi ikatwe. Nilifikiri ni furaha ya matumaini. Ilikuwa hiyo, lakini si kwa namna niliyodhani.

Ikabaki Jumapili moja. Yule mfanyabiashara alikuwa ameleta habari kwamba lori la yaya limeshapata mzigo.

Jumamosi yake baba aliondoka alfajiri kwenda Nyakabere kama kawaida yake, maana asubuhi mpaka jioni hakuwa akishinda nyumbani, na mimi nilikwenda Kasenga kama kawaida yangu. Lakini njia ya bondeni ilikuwa imefungwa na askari, baba akarudishwa. Mimi nilivunjikiwa sindano, nikarudi kuchukua nyingine. Tulikutana mlangoni kabla ya saa sita, tukazunguka nyuma pamoja.

Mama alikuwa juu ya kigoda. Mbele yake, juu ya paneli ya kwanza na juu ya paneli ya pili, kuanzia ukingo mpaka ukingo, ndagala zilikuwa zimetandazwa kwa usawa mzuri, zinang'aa, hakuna hata nafasi ya kupitisha ukucha. Alikuwa anazigeuza moja moja, na kwa mkono wa pili anafukuza paka.

Lazima nimtetee. Mtu asiyekulia kwenye pwani yetu hawezi kuelewa, lakini kwetu hakuna kitu bapa kinachotazama jua kikabaki bure. Mkeka, bati, ukuta wa shule uliolala, saruji ya kaburi la mtu mwenye uwezo: ukipita mchana utakuta kina ndagala. Na baba mwenyewe alikuwa amesema mbele ya watu kwamba kile ni kitu kinachokula jua, tena kisafi kuliko vyote nyumbani. Alikuwa amemletea mama meza ya ndoto zake, kisha akaondoka kwenda shambani. Kila jioni kabla hatujarudi mama aliziondoa ndagala, akakipangusa kioo kwa kitambaa, kwa heshima, akibakiza mafuta na magamba ambayo paka walikuja kuyamaliza.

"Weye…" baba alisema. Alikosa neno la pili, kitu ambacho sijawahi kukiona tena. "Weye iko unafanya nini?"

"Niko ninakausha ya mutoto. Angalia! Hata chembe moja ya muchanga haiko."

"Yulu ya plaque?" Baba aliinyooshea paneli kidole.

"Si ulisema inakula jua? Na ndagala inakula jua. Jua ni ya batu bote."

"Inakula jua kama inaiona!" baba alipiga kelele. "Sasa iko inaona nini? Iko inaona tumbo ya samaki! Tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili ya mbele, ile ya kwanza."

Nilianza kucheka, Mungu anisamehe. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baba naye midomo ilimcheza, maana alikuwa amekumbuka nadharia yake ya paka. Lakini mama hakucheka. Alikuwa ameshuka kwenye kigoda, anatazama paneli, kisha batri pale mlangoni, kisha waya katikati yake, anaufuata kwa macho polepole. Niliona jambo likimfikia.

"Basi ni minye," alisema. "Minye njo nilimufunga mwanangu masikio."

Kicheko kiliniisha. Baba, ambaye angeweza kusema mengi, na kwa haki, alipanda kigoda, akaanza kuokota ndagala na kuziweka kwenye ungo. Nilimsaidia. Mama aliosha vioo kwa maji na majivu, mara mbili, mara tatu, mpaka uso wake ukaonekana ndani yake.

Mchana ule tulililinda jua. Sina namna nyingine ya kuueleza. Baba alisimama na fimbo ya kufukuzia paka. Katekista aliitwa, akakata tawi la mpapai wa jirani lililotishia kuleta kivuli. Jirani alipokuja kulalamika naye akapewa fimbo. Ndege akitua tulimpigia makofi. Kiwingu kimoja kilitoka upande wa milima kikaja juu ya Kilibula, na watu wazima sita tulikitazama kwa chuki mpaka kikaelekea ziwani. Jumapili asubuhi hatukwenda misa. Katekista mwenyewe alisema Mungu anajua tuko wapi.

Saa ilipofika, Afande alikuja, akapewa sahani yake. Baba aliigusa batri kwa ulimi, na uso wake ukaruka. "Iko kitu," alisema. "Si mingi. Lakini iko." Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko paneli zote za Japani. Aliketi chini, akaikalia mikono yake yote miwili, akasema, "Mupe mama."

Katekista aliita. Mvumo, miunguruko, halafu: "Niko hapa. À vous." Sauti ya yaya ilikuwa ya mtu aliyejiandaa kupokea habari mbaya. Hata Afande aliacha kutafuna.

Mama akabonyeza kidude.

"WEYE MUTOTO!" alisema, na kuku wa jirani wakakimbia. "Nani alikuambia nilikufa? Minye niko hapa! Niko na meno yangu yote! Papa yako njo anasemaka sana, alimaliza kuran. Unakula? Hapana, hauli, ninasikia kwa sauti yako hauli. Ndagala iko inakuya, haina muchanga, nilikausha yulu ya kioo ya papa yako, nilifanya vibaya, lakini ni safi. Unavaa muzuri? Mu lori usikae nyuma. Unaomba? Omba. Shangazi yako alizaa mapacha. Ile mbuzi ilikufa…"

Baba alianza kutapatapa. "Achilia! Achilia kidude, umusikie!" Mama alimgeuzia mgongo. Kidole chake kilikuwa kimekibana kile kidude mpaka ukucha ukawa mweupe. Sauti yake ya zamani ilikuwa imerudi yote, ile ya kuita mtaa wa pili, na sidhani alihitaji foni. Lubumbashi wangemsikia hata bila kuran. Alisema, akajiuliza, akajijibu. Mwishoni akahamia Kifuliiru, akimwita kwa maneno ya kumbembelezea mtoto mchanga, lugha ile ile tuliyokatazwa. Kazi ya Afande ilikuwa kukata hapo hapo. Aliinama akatafuta kitu ndani ya kiatu chake, akakitafuta kwa muda mrefu.

Taa ikazimika katikati ya neno.

"Haukuachilia hata mara moja!" baba alisema, karibu alie. "Hukusikia hata neno moja ya mutoto!"

Mama aliweka chombo chini polepole. Alikuwa anatoka jasho, na alikuwa anatabasamu. "Yake nilishaisikia ile siku," alisema. "Leo ilikuwa yeye anisikie minye."

Mashua iliondoka kesho yake na ndagala. Lori la yaya liliondoka nalo, na kwa muda mrefu hatukupata neno. Wenye bunduki walipokuja kuondoka mjini, waliondoka na foni, batri na paneli zote mbili. Baba aliomboleza kwa namna yake: alisema kwamba kwa nguvu iliyosimikwa tumeshuka kutoka nafasi ya kwanza mpaka chini ya kinyozi. Mama alirudisha ndagala zake pwani, kwenye mchanga, pamoja na za wenzake.

Nchi iliposhonwa tena, kwa mshono ambao mimi kama fundi singeusifia, yaya alirudi. Aliingia bila taarifa, mwanaume mwenye ndevu na sanduku. Mama alimzunguka mara moja kama anayekagua mbuzi sokoni, akamkalisha kwenye kigoda cha Afande, akamwekea sahani ya ugali na ndagala kabla hata hajavua viatu. Sote tulisimama tukimtazama akila.

"Siku ile nilikujibu, mama," alisema, mdomo umejaa. "Nilibonyeza nikajibu, nikabonyeza nikajibu. Bwana wa foni aliniambia haufiki, mama yako amekalia laini. Mupaka akaninyang'anya."

Mama alivuta kigoda kingine, akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, mikono mapajani, kama alivyokaa ile Jumapili ya kwanza na kitenge chake cha misa.

"Basi jibu sasa," alisema. "Minye niko ninasikia."

Yaya alitafuna. Sote tulisikia mchanga ukilia chini ya meno yake, krrr, krrr, na baba akakohoa na kutazama paa la jiko. Yaya akameza. Machozi yalikuwa yanamteremkia mpaka kwenye ndevu.

"Nilikusikia, mama," alisema, akasogeza sahani aongezewe.